Mngoni Apekuliwe na Mhehe

Asubuhi za Julai hapa Msamala mtu huvaa kila alicho nacho, kisha anakwenda kutafuta kahawa. Ndiyo maana benchi letu hujaa mapema. Ni ubao wa tela la lori uliopigiliwa juu ya magogo mawili, mbele ya kibanda cha Valence, fundi simu, ambaye sisi tunamwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Kwenye ncha ya benchi inayopata jua kwanza hukaa Mzee Athanasi. Aliwahi kuwa mjumbe wa baraza la kata, akasuluhisha kesi za mipaka ya mashamba, na mpaka leo tunamwita Jaji. Kahawa ni ya Muhsini, Myao wa Tunduru, anayemimina bila kumwaga hata tone huku akibishana na watu watatu kwa pamoja. Siku hiyo kulikuwa na mgeni katikati yetu. Alikuwa Afande Isidori, polisi kata, aliyevalia sare yake, ameshika kikombe kwa mikono miwili kama mtoto aliyepewa uji. Hakuja kumkamata mtu. Alikuja kutuomba maoni, na jambo hilo lilitutisha zaidi.

Alitueleza taratibu. Wakubwa wake walikuwa wanaandaa mwongozo mpya wa upekuzi barabarani. Mwanaume apekuliwe na askari wa kiume, mwanamke na askari wa kike. Hilo lilikuwepo siku zote. Ila kwenye utekelezaji yamejitokeza maswali kuhusu jinsia, wakubwa wakaona wasiandike peke yao. Kila kijiwe kitoe neno lake.

Swali kubwa kuliko yote lilikuwa limesimama mbele yetu, limeegemea pikipiki. Pamela ni dereva wa bodaboda, na kijiweni tunamwita Gia. Baridi ikianza huvaa koti la marehemu baba yake, linalomfika magotini, na helmeti inayofunika uso wote. Mwezi uliopita, kwenye kizuizi cha barabara ya kwenda Peramiho, askari kijana alimpigapiga mifukoni kama anavyowafanyia madereva wengine. Pamela alipofungua kioo na kusema, “Afande, hiyo ni leso yangu,” yule kijana aliisikia sauti, akaruka nyuma kama aliyeshika sufuria ya moto. Kisha akampigia saluti. Tangu siku hiyo ikaamriwa kwamba Pamela asiguswe mpaka aje askari wa kike, na askari wa kike yuko mjini, na huja akipata usafiri. Siku moja usafiri ulikosekana kabisa, ikabidi Pamela mwenyewe aende mjini kumchukua, amlete kizuizini, apekuliwe naye, kisha amrudishe.

Tungecheka tu, lakini abiria wake wa kudumu ni Bibi Zena. Bibi ana kidonda mguuni kilichokataa kupona, na siku za kliniki lazima afike hospitali ya Peramiho asubuhi. Mara ya mwisho walikaa kizuizini mpaka daktari akaondoka kliniki, na kidonda kikarudi nyumbani jinsi kilivyokwenda. Kassimu, mwanawe, amesema ikitokea tena atatafuta dereva mwanaume. Bibi naye amesema hawezi kushika kiuno cha mwanaume asiye wake, heri abaki kitandani. Na leo ilikuwa siku ya kliniki. Pamela alikuwa anamsubiri Bibi amalize kujifunga mashuka, na dakika hizo akataka kuzitumia vizuri.

PAMELA: Jamani, nawaomba neno moja tu. Neno ambalo Afande akilipeleka kwa wakubwa, mimi nipite pale kama wenzangu.

REDIO: Gia, umefika penyewe. Kazi ndogo hiyo.

Ndivyo ilivyoanza.

REDIO: Tatizo lote ni helmeti. Mtu akishavaa helmeti na koti, askari hajui aliye ndani ni nani. Dawa yake ni rangi. Wanawake wavae helmeti nyekundu, wanaume nyeusi. Askari anaona toka mbali, anajipanga.

MUHSINI: Na yako wewe ina rangi gani?

REDIO: Yangu... si unaijua.

MUHSINI: Naijua, ila Afande haijui. Mwambie.

REDIO: Nyekundu. Lakini nilipewa na shemeji! Sikuchagua!

JAJI: Basi wewe utapekuliwa na askari wa kike. Sheria umeitunga mwenyewe.

REDIO: Mimi sioni ubaya.

PAMELA: Mkeo ataona.

Redio aliufikiria ubaya huo kwa muda mfupi, akaamua kubadilisha sheria.

REDIO: Tuachane na rangi. Tutumie honi. Mwanamke akikaribia kizuizi apige mara mbili, mwanaume mara moja.

AFANDE: Samahani kidogo. Pale jirani kuna shule. Honi haziruhusiwi.

REDIO: Basi indiketa. Mwanamke awashe ya kushoto, mwanaume ya kulia. Kimya kimya, hakuna mtoto atakayeshtuka.

PAMELA: Na nikiwa kweli nakata kulia?

REDIO: Utakuwa mwanaume mpaka umalize kona.

Afande Isidori alikohoa ndani ya kikombe. Alisema kwa upole kwamba maoni yote yanapokelewa, ila anaomba yawe yanayotekelezeka. Jaji aliposikia neno hilo alijinyoosha. Alivuta koti lake, akatazama jua, kama enzi zile alipokuwa anajiandaa kusoma uamuzi wa mpaka wa shamba.

JAJI: Nyinyi mmeanzia mwisho. Mnahangaika mwanamke nani, mwanaume nani. Sawa, tumewajua. Mwanamke kapelekwa kwa mwanamke. Mnadhani yameisha?

REDIO: Si yameisha?

JAJI: Na kama huyo askari wa kike ni mkwe wake?

Benchi zima likamgeukia. Hata makaa ya Muhsini yalionekana kufikiri.

JAJI: Mwanangu wa pili ameoa askari. Binti mzuri, ana heshima. Pasaka mke wangu anatoka shamba na tenga lake la kuku, anafika kizuizini, nani yuko zamu? Mkwe! Na bunduki begani! Yule binti akapiga magoti palepale kwenye lami amwamkie mama mkwe. Bunduki imelala chini. Mama naye kajifunika kanga usoni, kageuka, kapita huko kwenye mahindi. Mkwe akatazama Mbinga, mke wangu akatazama Songea. Mkono ungepita wapi hapo? Kuku walipita hivyohivyo.

AFANDE: Walikuwa kuku wangapi?

JAJI: Afande, umekuja kuchukua maoni au umekuja kuchukua kuku?

AFANDE: Maoni, mzee wangu. Nimekosea.

JAJI: Basi andikeni hivi. Kwanza ukoo, ndipo jinsia. Mtu akifika kizuizini aulizwe, wewe mtoto wa nani, umeolewa wapi, mjomba wako nani. Wakishahakikisha hakuna ukwe, ndipo wampekue.

PAMELA: Baba, huko nyuma yangu watakuwa wangapi wanasubiri?

REDIO: Foleni itafika Likuyufusi. Watu watazaa humo, na ukoo utaongezeka kabla hawajamaliza kuulizwa.

MUHSINI: Jaji, kwa huo ukoo wenu wa Kingoni nusu saa haitoshi. Mimi nilihudhuria harusi yenu moja hapa, utambulisho tu ulimaliza mchele.

Jaji hakukasirika. Alisukuma kikombe chake mbele kiongezwe. Muhsini akamimina, lakini mkono wake ulikuwa mzito kidogo kuliko kawaida, na sisi tunaomjua tulitambua kwamba kuna jambo analipika kichwani.

MUHSINI: Jaji amesema kweli nusu. Shida si mwanamke wala mwanaume. Shida ni kwamba anayekugusa unaweza kumkasirikia, au kumwonea haya. Si ndiyo?

JAJI: Ndiyo.

MUHSINI: Sasa nitajieni mtu mmoja duniani ambaye akikugusa huwezi kumkasirikia, na wala humwonei haya. Anakuja kwenye msiba wa baba yako, anaingia kaburini, analala, anasema hatoki mpaka alipwe, na wewe unacheka huku machozi yanatoka. Anakamata jogoo wako mchana kweupe, humshitaki. Nani huyo?

REDIO: Mtani!

MUHSINI: Mtani. Basi Mngoni apekuliwe na Mhehe. Habari ya mwanaume na mwanamke itaisha yenyewe.

Jaji aliweka kikombe chini polepole. Redio alikuwa amefungua mdomo, na kwa mara ya kwanza hakikutoka kitu.

JAJI: Muhsini. Siku zote hizi ulijificha wapi?

MUHSINI: Nilikuwa namimina kahawa, mzee.

AFANDE: Samahani. Hao Wahehe tutawapata wapi?

REDIO: Iringa si wapo? Lije basi kila asubuhi. Wanashuka, wanapekua, jioni wanarudi.

JAJI: Msiende mbali. Yule fundi baiskeli wa pale sokoni ni Mhehe. Anaweza kuanza zamu leo.

REDIO: Na wewe mwenyewe, Afande, kabila gani?

AFANDE: Mmatengo.

REDIO: Aa, pole. Hufai.

AFANDE: Mimi ni askari!

REDIO: Hatukatai. Uaskari unao, ila utani ndio huna. Tutakutafutia kazi nyingine, ya kufungua na kufunga lile gogo la kizuizini.

Afande Isidori alitazama vifungo vya sare yake kana kwamba ndiyo kwanza anaviona. Pamela alikuwa amevua helmeti, ameiweka kwenye tanki, na alikuwa anacheka pamoja nasi ingawa jicho lake moja lilikuwa njiani, kwenye nyumba ya Kassimu.

PAMELA: Haya, wazee wangu. Na mimi je? Mama yangu Mngoni, lakini baba yangu alikuwa Mhehe wa Kilolo.

REDIO: Loo!

MUHSINI: Subirini. Subirini kwanza. Huyu ana Mngoni na Mhehe ndani ya koti moja.

JAJI: Maana yake yeye ni mtani wa nafsi yake.

MUHSINI: Maana yake anaweza kujipekua mwenyewe!

REDIO: Imekwisha! Afande, peleka hiyo! Anafika kizuizini, anasimama, anajipekua, anajiruhusu, anaondoka!

PAMELA: Ndicho ninachokitaka toka asubuhi!

Tulipeana mikono. Redio alimpa Afande mkono mara mbili. Hapo ndipo Jaji akainua kidole, maana mtu aliyewahi kukaa barazani hawezi kuiacha kesi ikiwa na furaha.

JAJI: Kuna kasoro. Mtani akichukua kitu chako harudishi, ndiyo desturi. Sasa huyu akijipekua, akakuta kitu kizuri mfukoni, akajichukulia?

MUHSINI: Atakuwa amejiibia.

AFANDE: Hapo sasa ni kosa la jinai.

REDIO: Si atasamehewa? Ni mtani.

AFANDE: Sheria haina utani.

JAJI: Ndiyo maana umetumwa kwetu, mwanangu. Uipelekee huo utani.

Wakaanza upya. Redio akataka mwenye damu mbili ajipekue mbele ya mashahidi. Jaji akauliza mashahidi wawe wa jinsia gani. Muhsini akasema nusu wanaume, nusu wanawake. Redio akauliza wakiwa watatu itakuwaje. Afande, ambaye alikuwa amekuja na mada moja, sasa alikuwa anauliza kwa dhati kabisa iwapo shahidi naye apekuliwe kabla ya kushuhudia. Na ndipo Pamela alipopiga tanki la pikipiki kwa kiganja. Halikuwa pigo kubwa, lakini kicheko kilikatika.

PAMELA: Nimecheka na nyinyi, sasa basi. Siku ile tulipomkosa daktari niliuona ule mguu ukifungwa tena bila kusafishwa. Nesi aliniita nje, akaniambia wewe dereva, huyu bibi asikose tena kusafishwa, nyama inaanza kuwa nyeusi. Kaniambia mimi! Nikamwambia sawa, dada. Sasa leo nikifika pale nikaambiwa kaa pembeni, nitamweleza nini? Kwamba kijiwe bado kinatafuta Wahehe?

Muhsini alimmiminia kahawa, akampa na kipande cha kashata ya karanga, na Pamela akavipokea vyote viwili bila kuvitazama.

AFANDE: Dada Pamela, mimi nakuelewa.

PAMELA: Basi nipe ruhusa.

AFANDE: Ruhusa haiko kwangu. Kwangu yapo maoni.

Wakati huo Bibi Zena alikuwa anakuja. Alivuka barabara polepole, amejifunga mashuka mawili, mguu mmoja una kiatu na mwingine una kitambaa na mfuko wa nailoni kuukinga na vumbi. Tukasimama sote.

BIBI ZENA: Asalaam aleikum.

Tukaitikia kila mmoja kwa namna yake. Redio akasema shikamoo, Afande akasema shikamoo na kofia akaivua. Bibi akaketi kwenye ncha ya jua, ambayo Jaji alimwachia bila kuombwa.

BIBI ZENA: Marahaba, wanangu. Kelele zenu nimezisikia nikiwa ndani nafunga kitambaa. Nikasema leo kuna mtu kapigwa.

JAJI: Hapana, bibi. Tunajadili sheria.

Naye akamweleza. Alimweleza vizuri, kwa mpangilio, maana ndiyo kazi aliyoizoea: rangi za helmeti, indiketa, wakwe, Wahehe, watu wenye damu mbili, mashahidi. Alisema jambo lenyewe ni moja tu, nani ana haki ya kumpekua Pamela. Bibi Zena alisikiliza huku anasugua goti la mguu unaouma. Alipomaliza kusikiliza alimgeukia Afande.

BIBI ZENA: Nimeelewa, mwanangu. Sasa, mnatafuta nini?

AFANDE: Kwa vipi, bibi?

BIBI ZENA: Kwenye koti la huyu mtoto. Hicho mnachokitafuta ni nini?

Afande akageuka kumtazama Redio, na mimi katika maisha yangu sikutarajia kuona serikali ikimtegemea Redio.

REDIO: Wanatafuta... vitu.

BIBI ZENA: Vitu gani?

REDIO: Vilivyofichwa, bibi. Kama havijafichwa si wangeviona?

BIBI ZENA: Kimepotea kitu?

JAJI: Hilo swali zuri. Afande, kimepotea kitu?

AFANDE: Hakuna taarifa ya kitu kupotea.

MUHSINI: Na tangu muanze kupekua mmepata nini?

AFANDE: Tulipata miwani. Mwenyewe alikuwa amekaa siku nyingi akiitafuta. Ilikuwa mfuko wa ndani. Alitushukuru sana.

BIBI ZENA: Alhamdulillahi. Mengine?

AFANDE: Bibi, kwa kweli hilo swali halimo kwenye maswali niliyopewa. Niliyopewa yote yanaanza na nani.

Hakuwa mtu mbaya, Afande Isidori. Mtu mbaya angejibu chochote. Yeye aliinuka, akasogea mpaka kwenye kona ya kibanda, akampigia simu mkubwa wake. Tulimwona akisimama wima ingawa mkubwa hakuwepo. Tulimsikia akisema, “Ndiyo, afande. Ndiyo. Wanauliza tunatafuta nini.” Kisha akasikiliza kwa muda mrefu. Akarudi.

JAJI: Amesemaje?

AFANDE: Amesema ni swali zuri sana.

JAJI: Na jibu?

AFANDE: Amesema niwaulize wananchi.

Tukatazamana, sisi wananchi. Jaji aligundua vumbi kwenye goti la suruali yake, akalipangusa kwa uangalifu. Muhsini alitikisa birika, akafunua kifuniko, akachungulia ndani, na kwa jinsi alivyokirudisha kifuniko tulijua kahawa imekwisha.

BIBI ZENA: Haya, wanangu. Mimi daktari ananisubiri. Pamela, twende.

PAMELA: Bibi, na kizuizini?

BIBI ZENA: Twende. Huyo wa kizuizini nitamwuliza mwenyewe. Huenda yeye anajua.

Pamela alivaa helmeti, akafunga koti la baba yake mpaka shingoni. Redio na Muhsini wakampandisha Bibi, wakamwekea mguu vizuri. Bibi akashika kiuno cha Pamela kwa mikono yote miwili, akaegemeza shavu mgongoni mwake, akafumba macho. Wakaondoka. Tulisikia gia ya kwanza, ya pili, kisha ukimya.

Hakuna aliyekwenda kazini. Redio alikuwa na simu ya mteja imefunguliwa mezani, lakini bisibisi ilikuwa imelala. Afande Isidori aliendelea kukaa na kikombe kitupu mkononi. Ndipo simu yake ikalia, na kwa kuwa ni ya zile zinazopiga kelele, hatukuhitaji kusogea ili kusikia. Alikuwa ni yule askari kijana wa kizuizini, na sauti yake ilikuwa na wasiwasi.

“Afande, kuna bibi hapa yuko kwenye bodaboda ya yule dada. Ananiuliza tunatafuta nini. Nimjibuje?”

Afande Isidori alitutazama mmoja baada ya mwingine. Alimtazama Redio, akamtazama Jaji, akamtazama Muhsini, akanitazama na mimi. Alisubiri kidogo, kwa haki, kila mmoja apate nafasi yake. Kisha akasimama wima.

“Waache wapite,” akasema. “Mwambie bado tunakusanya maoni.”